Mshahara wa Kwanza Ndio Mtaji

Mzazi wa Kitui au Makueni aliyemaliza shule miaka ya themanini ana swali lake kwa mtoto aliye mwaka wa mwisho chuoni: utapelekwa wapi? Haulizi kama kazi itapatikana. Anachotaka kujua ni jina la shule au la hospitali, na kama ni Mwingi au ni Garissa, ili aanze kuwaambia majirani. Mwanafunzi hujibu, "Tunangoja, mama," kisha anaaga mapema akalale. Likizo inayofuata anatafuta sababu ya kubaki Kwa Vonza.

Nimezungumza na wengi wa vijana hawa: wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, pale Kwa Vonza na katika bewa lake la Wote, wa vyuo vya mafunzo ya utabibu, wa vyuo vya ufundi. Wanazungumzia ajira kama mtu anayengoja majibu ya maabara. Wengine hawalali vizuri. Wengine wamemaliza masomo yote isipokuwa mradi wa utafiti, na mradi wenyewe wanauburuta makusudi, kwa sababu mtu akiwa bado mwanafunzi ana jina na ana jibu la kuwapa watu. Siku atakayovaa joho la mahafali, jibu hilo litakwisha. Hofu hii tumezoea kuitibu kwa mahubiri. Mimi naona inastahili kusikilizwa kwa uzito wake, kwa sababu vijana hawa hawajakosea hesabu.

Tuanze na mzazi, maana naye hajajitungia lile swali. Hadi mwaka 1998, mwalimu aliyehitimu Kenya aliajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, moja kwa moja. Cheti kilifuatwa na barua, na barua ilitaja shule. Mwaka huo serikali, ikibanwa na wakopeshaji wa kimataifa waliotaka mishahara ya umma ipunguzwe, ilisimamisha uajiri huo. Ulipofunguliwa tena miaka michache baadaye, ukawa wa kujaza nafasi zilizotangazwa, kila mtu akipeleka maombi na kushindana. Utumishi wa umma kwa jumla ulikuwa umeshaanza kupunguzwa tangu 1993. Kwa hiyo mzazi yule anakumbuka nchi iliyokuwepo kweli. Hakuna aliyemwambia kinaga ubaga kwamba nchi hiyo ilifungwa.

Na kwa eneo kame kama letu, kufungwa kwake kuliuma zaidi. Mvua ya Novemba ikikosa, mahindi hukauka yakiwa ya kimo cha goti, na ng'ombe hutembezwa mbali kutafuta maji. Familia iliyokuwa na mwalimu mmoja ilikuwa na kitu kisichotegemea mvua. Mshahara wake ulisomesha wadogo zake, ukaezeka nyumba mabati, ukachimba kisima, ukamlipia mama dawa ya shinikizo la damu. Ndiyo sababu hadi leo mtoto wa Ukambani akipata alama za kuingia chuo kikuu, ushauri wa kwanza anaopewa nyumbani ni asomee ualimu.

Sasa mtazame huyo aliyeusikiliza ushauri. TSC ina walimu zaidi ya 300,000 waliosajiliwa ambao haijawaajiri. Nafasi zikitangazwa, miaka ambayo mwombaji amekaa tangu ahitimu humwongezea alama. Utaratibu huo una haki yake. Aliyengoja miaka kumi asirukwe na aliyehitimu jana. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa nne akiusoma, anaona zamu yake huenda ikafika akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, ana watoto, na kile alichosomea kimeshamtoka kichwani. Anakokotoa hayo akiwa bado ana mitihani ya kufanya.

Anayesomea biashara au takwimu hana foleni ya TSC, ila ana hesabu nyingine. Ripoti ya uchumi ya mwaka 2025 ya Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, inasema mwaka 2024 nchi ilipata kazi mpya 782,300, na kati ya hizo takriban 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Zilizobaki hazifiki 80,000, nazo ni za nchi nzima. Ukizigawa sawasawa kwa kaunti 47, kila kaunti haipati hata 1,700, na kila mtu anajua kwamba hazigawanywi sawasawa. Nyingi huishia Nairobi na miji mikubwa. Kitui na Makueni kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili katika sensa ya 2019.

Jua kali ni kazi, na simdharau anayeifanya. Boda boda wa Emali analea familia, na mama mboga wa soko la Wote amesomesha watoto hadi chuo. Ila tuseme lililo wazi: kazi hizo hazikuhitaji miaka minne ya hidrolojia. Kijana aliyesomea namna maji yanavyopita chini ya mchanga, halafu akapewa pikipiki, amepoteza kitu, na Kitui yenye kiu imepoteza zaidi yake.

Kuna watu wazima wenye heshima zao wanaosimama kwenye mazishi na harusi na kuwaita vijana hawa wavivu wanaochagua kazi. Sijui wanawaona wapi. Vijana ninaowafahamu wanauza data za simu hosteli, wanasuka nywele kwa zamu, wanachimba mashimo ya vyoo wakati wa likizo, wanawaandikia watu maandishi mtandaoni usiku kucha kwa malipo ya senti. Wamechoka kabla hawajaanza.

Kinachowaelemea kuliko umaskini wenyewe ni deni la kijiji. Mtoto wa Nairobi anaweza kusomeshwa na baba na mama peke yao. Mtoto wa Kisasi au wa Kathonzweni husomeshwa na watu. Karo ya muhula wa kwanza ilitokana na mbuzi watano na mchango wa harambee, kanisa likaongeza, mjomba wa Mombasa akatuma, basari ya wadi ikaziba pengo. Majina ya waliochanga yaliandikwa daftarini na mtu mwenye mwandiko mzuri, na daftari hilo bado lipo. Mtoto akirudi likizo ya kwanza tu, kijiji kimeshamwita "mwalimu" au "daktari". Anaitikia, maana afanyeje? Miaka minne baadaye anarudi na bahasha ya khaki na jina lile lile linamngoja barabarani, kinywani mwa bibi aliyetoa kuku wake.

Ndiyo maana wengi hawarudi. Wanakodi chumba kimoja na wenzao watatu, Machakos au Athi River au Mlolongo, wanapiga simu nyumbani mara moja kwa mwezi na kusema mambo yatakuwa sawa. Aibu hii huwapata hata wasio na kosa, nayo ndiyo huanza kuwanyima usingizi wakiwa bado mwaka wa tatu.

Ingia saibakafe yoyote ya mjini Wote siku ambayo kaunti au wizara fulani imetangaza kazi. Utawaona wamepanga mstari hadi nje, kila mmoja na faili lake la plastiki lenye vifuko vya kupitisha mwanga. Ndani ya faili mna nakala za cheti cha kidato cha nne, za cheti cha chuo kwa waliobahatika kukitoa, za kitambulisho, halafu zile karatasi ambazo kila kijana wa Kenya anazijua kwa moyo: cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi, DCI, cheti cha ulipaji kodi kutoka KRA, cha mtu ambaye hajawahi kuwa na mapato ya kutozwa kodi, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, kwamba mkopo unalipwa, cha mtu anayetafuta hiyo kazi ili aulipe, fomu ya tume ya maadili, EACC, na ripoti ya mikopo ya CRB. Cheti cha tabia njema peke yake kimekuwa kikitolewa kwa Sh1,050, bila nauli ya kwenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole. Kijana anauliza bei ya kuchapisha ukurasa mmoja, anahesabu sarafu, anaamua barua ya maombi iwe ya ukurasa mmoja badala ya miwili. Nilimwona binti mmoja akitoa ukurasa wa pili, ule wenye majina ya wadhamini wake, akaukunja na kuurudisha mfukoni ili autumie mara nyingine.

Bunge lililiona jambo hili. Mwaka 2022 sheria ya ajira ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kumpa mtu mkataba. Matangazo mengi bado yanavidai tangu siku ya kwanza, tena mengine ni ya ofisi za umma zinazolipwa kusimamia sheria. Bodi za utumishi wa umma za Kitui na Makueni zinaweza kuliondoa hilo kwa kufuta mistari michache katika tangazo lijalo, bila kutumia hata shilingi.

Nayo HELB haina budi kuguswa. Chini ya utaratibu wa zamani, mwanafunzi alikopeshwa kati ya Sh35,000 na Sh60,000 kwa mwaka. Malipo yanatakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, riba ni asilimia 4, na asiyelipa hutozwa adhabu ya Sh5,000 kila mwezi. Adhabu ya mwaka mmoja basi ni Sh60,000, sawa na mkopo mkubwa kabisa wa mwaka mzima wa masomo. Yaani kukaa mwaka mmoja bila kazi kunaweza kugharimu sawa na mwaka wa kusoma. Wenzetu walilitatua hili zamani. Australia, tangu 1989, mhitimu haanzi kulipa mpaka mapato yake yapite kiwango kilichowekwa, na makato hufanywa kupitia kodi. Uingereza nako, waliojiunga na vyuo tangu Agosti 2023 hawakatwi kitu mpaka wapate pauni 25,000 kwa mwaka. Sisi tunamtoza asiye na mapato adhabu kwa kutokuwa na mapato, kisha tunashangaa kwamba anazima simu.

Nije sasa kwenye neno ambalo vijana hawa wameambiwa hadi masikio yamekufa ganzi: jiajirini. Kila mgeni rasmi wa mahafali huja nalo. Rudini mashambani, ardhi ipo, acheni kungoja kuajiriwa. Nataka kulijibu kwa historia ya hapa hapa, kwa sababu wanaolisema hudai wanarudisha hekima ya wazee.

Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992. Katika miaka ya 1930 maafisa wa wakoloni waliitazama wilaya hiyo wakaona imekwisha: udongo umechukuliwa na maji, vilima vimebaki mawe. Dawa yao ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kuipinga. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kinachojulikana duniani kote, More People, Less Erosion, kuhusu wilaya hiyo hiyo. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na ardhi badala ya kuharibika zaidi ilikuwa imepona. Vilima vilikuwa vimejaa matuta ya fanya juu, miti ilikuwa mingi kuliko zamani, mavuno kwa ekari yalikuwa yamepanda.

Wengi wanaotaja habari hiyo husimulia habari za mwethya, vile vikundi vya kusaidiana ambavyo wanawake hasa walichimba matuta kilima baada ya kilima, leo kwa huyu kesho kwa yule. Ni kweli, na heshima yao haina kipimo. Lakini kitabu kile kinaonyesha jambo la pili ambalo wageni rasmi hulisahau: sehemu kubwa ya fedha zilizoingia katika mashamba yale ilitoka nje ya shamba. Mwanamume aliyekuwa askari, polisi, fundi wa reli, mchonga vinyago au karani Nairobi na Mombasa ndiye aliyetuma pesa za plau, za ng'ombe wa kulima, za mbegu, za miche ya michungwa, za kumlipa kibarua msimu ambao mwethya haukutosha. Mikono ilikuwa ya mwethya, na fedha zilikuwa za mshahara.

Kwa hiyo mkulima hodari wa Ukambani tunayemsifu hakuanza mikono mitupu. Alianza na mshahara wake, wa mumewe au wa kaka yake. Hata leo, zunguka Nzaui au Mbooni uulize wenye mashamba ya maembe yanayopendeza walianzaje. Aghalabu utakutana na mwalimu mstaafu, muuguzi, dereva wa shirika. Mtu alilipwa kwanza, kisha akapanda. Sasa tunamgeuzia kijana utaratibu na kumwambia apande kwanza. Atapanda kwa nini? Shamba ni la babake, hati ina jina la marehemu babu, na benki haimjui. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa Novemba 30, 2022, ulitoa mikopo ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000. Sh500 haichimbi hata shimo moja la zai, lile la kupandia linalokusanya maji.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba mshahara wa kwanza ndio mtaji wa kijana wa huku. Kijana akilipwa mwaka mmoja au miwili, kwa kazi ya kweli, asilimia kubwa ya yale tunayomtaka ayafanye atayafanya mwenyewe. Na kazi ya kweli imejaa katika kaunti hizi mbili. Anayelipa ndiye hayupo.

Chukua maembe. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na haikurudi huko mpaka 2021. Nzi huyo hutaga yai ndani ya embe, na mwenye shamba hamwoni mpaka tunda limeoza. Kumdhibiti kunahitaji mtu wa kupita shamba kwa shamba: kutundika mitego, kuhesabu walionaswa kila wiki, kuhakikisha maembe yaliyoanguka yamezikwa, kuandika yote hayo kwa namna ambayo mkaguzi wa ng'ambo ataiamini. Jirani mmoja akipuuza, wote wa kilima kile wameharibikiwa. Hiyo ni kazi ya mhitimu wa kilimo, msimu hadi msimu. Makueni ina kiwanda chake cha kusindika maembe pale Kalamba, kilichofunguliwa 2017, ambacho hakiwezi kuwa na uhai bila maembe safi ya kutosha. Na bwana shamba ni adimu. Kipimo kinachopendekezwa ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Kenya mmoja huwahudumia zaidi ya 1,000. Wapo wakulima wa ndengu kule Mwingi na Kyuso ambao mshauri wao wa pekee ni muuza dawa wa dukani.

Au chukua mchanga. Kitui ina mabwawa ya mchanga kwa mamia, mengi yakiwa yamejengwa na wananchi wakishirikiana na shirika la SASOL tangu miaka ya tisini. Ukuta unajengwa kukata mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga miezi mingi baada ya mto kukauka. Ukuta ukipata ufa, au wachota mchanga wakifika na malori yao usiku, bwawa limekufa. Nani anayapitia mabwawa hayo moja moja, kupima kina cha maji, kuorodhesha yaliyobomoka? SEKU inafundisha sayansi ya maji umbali mfupi tu kutoka kwenye mito hiyo. Wanafunzi wake wangeifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

Mtu ataniambia kwamba huu ni uanagenzi, na najua neno hilo limeshachafuka. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi walipewa Sh20,000 kwa mwezi, zikabaki kama Sh17,000 baada ya makato, wakafundisha vipindi sawa na aliyeajiriwa. Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema TSC haikuwa na haki ya kuwachukua kwa namna hiyo, Mei wakagoma, na Januari 2025 takriban 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walikuwa bado wanaandamana 2025 wakidai masharti sawa na wenzao. Mtu akinisoma na kudhani napendekeza vibarua zaidi wenye digrii, hajanielewa. Ninalotaka ni mwaka wa kwanza wa kazi wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, katika kazi ambayo haimnyang'anyi mtu mwingine ajira, na barua mwishoni ambayo mwajiri yeyote ataiheshimu.

Gharama zake nimezikokotoa. Kitui ina wadi 40, Makueni 30. Kila wadi ichukue wahitimu wanane, walipwe Sh25,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima. Kitui itahitaji Sh96 milioni, Makueni Sh72 milioni. Katika mwaka wa fedha 2021/22, mgao wa Kitui kutoka serikali kuu ulikuwa takriban Sh10.39 bilioni, wa Makueni Sh8.13 bilioni. Kila kaunti ingekuwa inatumia chini ya asilimia moja ya mgao huo. Wanane kwa wadi ni wachache, nakiri, na waliokosa watakuwa wengi kuliko waliopata. Lakini wanane wanaobadilishwa kila mwaka ni themanini kwa muongo katika kila wadi, na kila mmoja amelipwa, ameweka akiba, ameonekana akifanya kazi na watu wa kwao.

Nitaambiwa kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 haziruhusu mishahara kupita asilimia 35 ya mapato. Ni kanuni nzuri na ifuatwe. Waliovimbisha mishahara ya kaunti zetu si mabwana shamba. Waondolewe kwanza wafanyakazi hewa ambao ripoti za ukaguzi huwataja kaunti baada ya kaunti, na wale waliopewa kazi kwa kuwa walibeba mabango ya kampeni. Katika mazungumzo yangu na wanafunzi hakuna neno lililojirudia kama hili: "Lazima umjue mtu." Nao hawalisemi kwa hasira, wanalisema kama habari ya hali ya hewa tu, na hilo ndilo lililonihuzunisha. Wapo wazazi waliouza kipande cha shamba ili mtoto apate nafasi jeshini, wakatapeliwa na mwenye barua bandia. Kila msimu wa usajili wapo wanaokamatwa kwa biashara hiyo. Bodi ikitangaza kazi, itoe orodha ya walioitwa, alama walizopata na wadi wanazotoka, ibandikwe ofisini kwa chifu. Kijana aliyeshindwa na mwenzake kwa alama hulala. Asiyejua alishindwa na nini ndiye anayekesha.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mwiteni huyo mtoto nyumbani kabla ya mahafali, mzee wa mbari akiwepo, mumwambie wazi kwamba waliochanga walichangia masomo na masomo yamekamilika, kwamba hakuna anayengoja gari wala nyumba ya mawe. Waliotoa kuku na mbuzi wanalielewa jambo hili upesi kuliko tunavyodhani. Kijana aliyesikia maneno hayo kwa masikio yake anaweza kurudi nyumbani bila kujificha, na akirudi ndipo ataona kazi za kwao.

Vyuo navyo viache kumtuma mwanafunzi atafute mwenyewe mahali pa mafunzo ya nyanjani, maana anayepata ni yule ambaye shangazi yake yuko ofisini.

Na wanafunzi wenyewe wana mlango wa kuyadai haya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti mbele ya bunge lake kufikia Aprili 30. Katikati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni, na Makueni imejijengea sifa nchini kwa vikao vinavyoanzia kijijini. Vikao hivyo hujaa wazee, nao huomba barabara na mabwawa, ambayo ni haki yao. Mwanafunzi wa SEKU anaishi katika wadi ya Kwa Vonza/Yatta miezi tisa kwa mwaka, na wa bewa la Wote anaishi Wote/Nziu. Ni wakazi kama wengine, na wengi wanaweza kujiandikisha kupiga kura 2027 hapo hapo. Februari ijayo waende, hata wakiwa arobaini tu kwenye basi moja, na waombe mstari mmoja uongezwe katika makadirio: Sh96 milioni Kitui, Sh72 milioni Makueni, wahitimu wanane kila wadi. Wakijibiwa kwamba fedha hazipo, waombe kasma ya safari za maafisa na madiwani isomwe kwa sauti katika kikao hicho hicho, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu.